Soko la Ubatili ni soko gani?

Bandugu wa promotion, mwaka uliopita tulikuwa na collation ya mudogo wangu. Poudre kichwani, fanfare inapiga, mama analia. Jioni kule Katuba, watu wakiwa kwa meza, miye nikasema kwa sauti: "Yote hii ni foire aux vanités!" Ba camarade wakacheka. Mama akauliza: "Ni nini, mwanangu?" Nikamutafsiria: soko la ubatili, bintu vya dunia vya bure. Akanyamaza, akaingia ndani.

Nikarudi ku kitabu. Maneno hayo ni ya John Bunyan, fundi wa masufuria wa Bedford, Uingereza, aliyefungwa miaka 12 juu ya kuhubiri bila ruhusa. Kitabu chake, chenye tunaita Le Voyage du pèlerin, kilitoka 1678. "Ubatili" alilitoa kwa Mhubiri. Kiebrania chake ni hevel, maana yake pumzi, mvuke: kintu unakiona lakini haukishike.

Sasa, angalia kinachouzwa pale. Si nguo na raha tu. Vyeo, heshima, falme, ata roho za watu, vyote viko na bei. Wasafiri wawili wanapita, wanakataa kununua, wanasema wanatafuta ukweli tu. Wanafungwa, na yule Mwaminifu anachomwa moto. Basi kosa la lile soko si furaha. Ni kuweka bei ku kila kintu na kumuazibu asiyenunua.

Thackeray alipochukua jina hilo kwa riwaya yake ya 1847-1848, aliacha ule moto, akabakisha wauzaji na wanunuzi. Riwaya ni kali, sikatae. Lakini sasa maneno yenyewe yamekuwa mepesi: kila mutu anayasema juu ya mwenzake, hakuna anayejiona mwenyewe sokoni.

Njo vile nilifanya. Mama aliuza makala ku soko ya Kenya miaka mitano juu ya minerval. Hakununua cheo, alilipa kwa mugongo wake. Ile jioni muchuuzi alikuwa miye: nilitoa Kifaransa yangu nipate kicheko.

Kesho yake nilimuomba masamaha. Na siye wenye diplôme, mbele ya kusema "foire aux vanités", tuulize kwanza: nani analipa, na nani anauza?