Kweleakwelea Mmoja Mmoja

Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha sanaa Makerere, na kati ya 1971 na 1982 akachapisha *East African Mammals*, kazi iliyotoka kwa vitabu saba. Nguvu ya michoro yake ni kurudia: mnyama yuleyule akigeuka, akikunja uso, hata akiwa amechunwa ngozi ili misuli ionekane. Anachora ili ajue mwili ule unafanyaje kazi.

Somo hilo nalitumia kila asubuhi hapa Kishapu, kwa ndege. Kundi la kweleakwelea likitua kwenye mtama, jicho huona wingu tu. Ukichora mmoja mmoja, unamwona dume wa msimu wa kuzaliana, mdomo mwekundu na uso mweusi, na jike asiye na weusi huo.

Lakini mbinu hii ina upungufu. Michoro mingi ya Kingdon humwacha mnyama peke yake kwenye karatasi nyeupe. Kweleakwelea wangu ana jirani: mtoto anayewinga ndege shambani, na leo hakwenda shule. Nikimwacha mtoto huyo nje ya ukurasa, mchoro utakuwa sahihi kwa ndege na mwongo kwa shamba.