Tundu la Pili

Chukua simu yako uikague. Chini, panapoelekea mdomo, kuna tundu dogo la kunasa sauti. Simu nyingi za siku hizi zina jingine juu au mgongoni. Wapo wanaolichokonoa kwa sindano wakidhani ndipo laini inapotolewa.

Tundu hilo la pili lipo ili kusikiliza kelele. Sauti hufifia kadiri inavyosafiri: umbali ukizidi maradufu, nguvu yake hubaki robo. Maneno yako hufika tundu la chini yakiwa na nguvu, la juu yakiwa hafifu. Honi ya daladala iliyo mbali hufika kote karibu sawasawa. Kwa tofauti hiyo chipu hutenga mchele na chuya.

Bernard Widrow na wenzake waliieleza mwaka 1975 mbinu ya kunasa kelele kando ili kuitoa kwenye sauti inayotakiwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuitia hesabu hiyo kwenye simu ya mfukoni. Nexus One, simu ya Januari 2010, ilikuwa na maikrofoni ya pili na chipu ya kampuni ya Audience kwa ajili hiyo.

Ufundi wenyewe umejaa vizuizi. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20 hivi, kila kipande hupangwa kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, hupimwa, kisha huungwa tena, na betri isiishe. Hata kipira kinachozunguka maikrofoni kina uzito wake: kikivuja, sauti ya spika hupenya kwa ndani na hesabu yote huharibika.

Ninachokistahi zaidi ni kiasi. Sauti za s, f na sh zenyewe ni mchakacho wa hewa, hazitofautiani sana na upepo. Fundi mwenye pupa huzifyeka, na “fisi” hubaki “ii”. Aliyekomaa huacha kelele kidogo kwa makusudi, ili sauti ibaki ya mtu.

Na sifa haimfikii fundi huyo. Mwenye simu yuko palepale stendi, honi zinamziba masikio, anapaza sauti akidhani hasikiki. Usafi wote huo ni wa yule aliye upande wa pili, naye hajui kuna kitu kilichoondolewa.