Wafanyakazi Wasio na Roho

Neno «roboti» linasikika kila mahali siku hizi, lakini wachache wanajua lilikotoka. Lilizaliwa katika mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R., ambao Mcheki Karel Čapek aliutoa mwaka 1920, ukachezwa Prague mwaka 1921. Ndugu yake Josef, mchoraji, ndiye aliyempa neno lenyewe. Kwa lugha yao, robota ni kazi ya shuruti, ile ambayo wakulima walimfanyia bwana wa shamba pasipo mshahara. Sisi ambao wazee wetu walilimishwa pamba kwa amri ya serikali ya Wabelgiji tangu 1917, hatuhitaji mkalimani wa neno hilo.

Wengi hudhani kwamba roboti za Čapek ni za chuma. Sivyo. Ni viumbe wa nyama, waliotengenezwa kiwandani katika kisiwa kimoja, nao wanafanana na watu hata Helena, mgeni wa kisiwa, anashindwa kuwatofautisha. Mzee Rossum, aliyewabuni, alitaka kuonyesha kwamba Mungu hahitajiwi. Rossum kijana hakujali mabishano hayo. Yeye alitaka wafanyakazi wa bei rahisi. Basi akampunguza mtu: furaha, kupiga fidla, kutembea jioni, vyote akavitupa, maana havileti faida.

Tena roboti hujivunja mikono kwa kuwa hawasikii maumivu. Daktari Gall anataka kuwapa maumivu, ili mali ya kiwanda isiharibike. Helena anauliza: mbona msiwape na roho? Anajibiwa kwamba gharama ingepanda. Tumesikia mahubiri mengi juu ya tamaa ya mali. Machache yamefika mbali hivyo.

Yanayofuata yanajulikana: roboti wanaasi, wanaua watu wote, isipokuwa mjenzi Alquist, kwa sababu yeye anafanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Mwisho wa mchezo ndio unaotusumbua. Roboti wawili, Primus na Helena wa pili, kila mmoja yuko tayari kufa mahali pa mwenzake. Alquist anawaona kuwa Adamu na Eva wapya, anasoma Kitabu cha Mwanzo, anasema maneno ya mzee Simeoni. Ni pazuri, hatukatai. Hakuna upendo kupita kutoa uhai kwa ajili ya mwingine. Lakini Čapek hasemi upendo huo umetoka wapi. Kiwanda hakikuuweka. Anatuachia tukio kubwa kuliko yote bila mlango wa kuliingilia. Na tunamlaumu kwa jambo la pili: waliofanya hesabu ya roho na gharama wamekufa wote. Wa kutubu amebaki Alquist peke yake, ambaye siku zote aliomba Mungu kazi ya kiwanda ikome.

Kuna na Nana, mtumishi mzee wa Helena, ambaye wasomaji wengi humpita haraka. Yeye ndiye anayesoma katika gazeti kwamba juma zima hakuzaliwa mtoto hata mmoja. Anawachukia roboti, anawaona wabaya kupita wanyama. Hata hivyo maisha yake yote ametumikia nyumba za wengine. Tungependa sana Čapek angemkalisha hata mara moja jikoni pamoja na roboti, wakiwa wawili tu, kazi imekwisha.