Juu ya Neno "Kuchanganya" katika Madai ya Hataza

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Twalifurahia jambo hilo, lakini lina mzigo wake, nao waonekana sana katika hataza, yaani haki apewayo mvumbuzi ili mwingine asitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Mpaka wa haki hiyo hauwekwi kwa mawe wala miti, kama mpaka wa shamba. Huwekwa kwa maneno ya madai yaliyoandikwa.

Mara nyingi husikika ya kuwa ishara mbili za video "huchanganywa," na maelezo huishia hapo. Neno hili halitoshi, kwa maana kazi zenyewe ni tatu. Kwanza, picha mbili hujumlishwa hata kila nukta ya kioo ikawa na sehemu ya zote mbili. Ndivyo ulivyo unga wa muhogo na wa mahindi ndani ya ugali, hautenganiki tena. Pili, picha moja hupachikwa katika nyingine kama kiraka katika nguo: palipo kiraka, nguo haionekani. Tatu, ishara mbili hupitishwa katika waya mmoja zipate kutenganishwa mbele, kama maharagwe mekundu na ya manjano yaliyotiwa gunia moja Kasulu, yakachambuliwa Kibondo.

Basi mtu amevumbua njia ya kupachika, akaandika "kuchanganya." Jaji akilisoma neno kwa upana wote, atampa na kazi asizozivumbua, akilisoma kwa maana ya ugali tu, atamnyima hata iliyo yake.

Haya si mambo ya kubuni. Katika shauri la Markman na Westview, huko Marekani, watu waligombea mtambo wa kufuatilia nguo kwa madobi. Shina la ugomvi lilikuwa neno moja lenye maana ya orodha ya mali: je, sharti ihesabu nguo zenyewe, au yatosha kuhesabu fedha? Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ikakata kwamba kufasiri maneno ya madai ni kazi ya jaji, si ya baraza la raia.

Kwa hiyo twashauri: "kuchanganya" liwe la kazi ya kwanza, "kupachika" la pili, "kupitisha pamoja" la tatu. "Kuunganisha" na litumike pale tu mvumbuzi akusudiapo zote tatu. Nasi walimu tuwazoeze wanafunzi kupambanua maneno hayo mapema, kwa kuwa neno legevu darasani huwa hasara mahakamani.