Duka la Baiskeli Lisilo na Fundi

Kuna maandishi ambayo nayasoma kila yanaponipitia: kumbukumbu za duka la zamani la baiskeli. Wenzangu mnayajua. Duka liko mtaani miaka nenda rudi, mwenye duka ni mzee mpole wa miwani, Phoenix na Raleigh zinang'aa ndani, kuna harufu ya raba mpya, na mwandishi, wakati huo mtoto, amesimama mlangoni akitamani. Mwishoni pikipiki zinaingia, duka linafungwa, sote tunahuzunika. Nayapenda, jamani. Ila nina ugomvi nayo.

Fundi yuko wapi?

Maduka niliyoyajua mimi yalikuwa na ndani na baraza. Ndani ni kaunta, bei na daftari la madeni. Barazani ni fundi na spana zake, beseni la maji ya kutafutia pancha, solusheni, msasa, na tyubu kuukuu ya kukatia viraka. Baiskeli unainunua mara moja. Kinachokurudisha miaka ishirini ni matengenezo. Kwa hiyo duka lilidumu kwa mikono ya mtu wa nje. Lakini likifungwa, mwenye duka anaandikiwa kurasa tatu, na fundi anapata sentensi moja: "kijana mmoja pale barazani." Kijana mwenyewe ana wajukuu!

Hapa hata uandishi wenyewe unapata hasara. Harufu ya raba ni ya kila duka, hainiambii lolote. Hebu chukua gurudumu. Zile baiskeli nzito za mtindo wa Kiingereza kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo unakaa nyuma: gunia la mkaa, mkungu wa ndizi, abiria. Fundi anazisuka moja moja, anaigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu, anatazama linapoyumba, anakaza hapa kidogo, analegeza pale. Mwandishi akinipa hilo, nimeshauona mtaa: nani anabeba nini, na kwa uzito gani mpaka spoku zikatike. Sihitaji tena kuambiwa kwamba maisha yalikuwa magumu.

Anayetaka mfano atazame filamu ya Vittorio De Sica ya 1948, Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli. Ni Roma baada ya vita. Antonio ameibiwa baiskeli, na bila baiskeli hana kazi ya kubandika mabango. Anakwenda soko la Piazza Vittorio na mwanawe Bruno na marafiki. Wanajua huenda imeshafunguliwa vipande, basi wanagawana kazi: huyu atazame fremu, huyu matairi, mtoto atazame pampu na kengele. Wanamkuta mtu anapaka fremu rangi, wanang'ang'ania kuona namba yake. Nasi tunaikodolea macho namba ile, maana tulishaona mashuka ya kitanda yakipelekwa rehani ili baiskeli ikombolewe. De Sica hahubiri umaskini. Anahesabu vipande, anaonyesha nani amelipa.

Najua nitaambiwa: kumbukumbu ni za mtoto, na mtoto hukumbuka harufu. Sawa. Lakini anayeandika ameshakuwa mtu mzima, na yule mtoto alimpita fundi barazani kabla ya kufika mlangoni. Mtu mzima anaweza kurudi akauliza. Maduka mengi yamefungwa, ila mafundi hawajaisha. Wengine wako chini ya mwembe wakiziba pancha za hizo hizo pikipiki.

Basi ombi langu kwa mwenye rasimu ya namna hii mkononi: mzee wa miwani tumeshamsoma vya kutosha. Nenda kwa fundi. Muulize jina lake kamili, baraza alikuwa akiilipia nini, na siku duka lilipofungwa nani alimwambia. Kisha andika upya.