Kuchunguza si kuchungulia

Darasani husisitiza kwamba ‘kuchunguza’ na ‘kuchungulia’ si kitu kimoja. Filamu ya Christopher Nolan, Following (1998), aliyoipiga London siku za Jumamosi kwa vijisenti tu, yanipa mfano. Kijana asiye na kazi huwafuata wapita njia, ati anatafuta visa vya kuandika. Kanuni yake ni kutomfuata mtu mara mbili. Anaivunja, kisha anajitosa katika mapenzi na hawara wa jambazi. Kumbe mchunguliaji naye anachunguliwa! Kasoro ipo: mwanamke huyo amefanywa chambo, moyo wake hatuujui. Hata hivyo, filamu ilinichoma. Nami nilikuwa gizani, macho nimekodoa. Je, nilichunguza au nilichungulia?