Mlango wa Vumbi

Matundu manne tu ya kufungia pangaboi, na lilipokwisha la nne chaki ya drili ikagoma. Niliizungusha kwa mkono, wapi. Nikachomeka ufunguo, nikakaza mpaka kiganja kikaniuma, ikasogea kidogo huku ikisaga kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Biti ikabaki humo humo, taya tatu zimeing'ang'ania.

Kesho yake nikaipeleka mtaa wa Gerezani, kwa fundi mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijaitoa vizuri mfukoni akaniuliza, "Ulitoboa juu, siyo?" Akaigeuza mdomo chini, akaigonga kwa mpini wa nyundo juu ya gazeti. Ukamwagika unga wa kijivu. Mwingine haukumwagika: ulikuwa umeshikana kuwa uji mzito mweusi, kama ugoro uliolowa.

"Na grisi katia nani?"

Nilikuwa mimi. Nilidhani naitunza.

Mafundi wanaiita chaki, jina lile lile la chaki ya ubaoni, na siku ile mzaha huo ulinikaa vibaya, maana vidole vyangu vilikuwa vyeupe kama vya mwalimu. Fundi aliibana kwenye jiliwa, akaigonga pete ya nje taratibu mpaka ikavuka, na mbele yetu ikaanguka nati iliyopasuliwa vipande viwili. Halafu zikateleza taya tatu, kila moja imepigwa namba: 1, 2, 3. Migongoni mwao zimechongwa hesi, lakini hesi za moja hazianzii pale zinapoanzia za mwenzake. Ukizichanganya matundu, ncha hazikutani katikati na biti itakwenda upogo maisha yake yote. Vitu vitatu vidogo vinavyotembea pamoja ndani ya mashimo ya mshazari, vikisukumwa na nati moja: sijui kama kuna kitu kizuri zaidi kwenye sanduku la zana.

Chaki ya ufunguo tunayoijua ilitoka kwa Arthur Jacobs wa Hartford, Connecticut, aliyepata hataza yake mwaka 1902. Jacobs alimaliza tatizo la kubana. Vumbi halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu mashine nyingi za kutobolea zilisimama juu ya meza na chaki zake zilitazama chini, kwa hiyo takataka zilianguka zenyewe. Kisha mwaka 1917 Black na Decker wakapata hataza ya drili ya umeme yenye mshikio wa bastola. Mtu akaweza kuinyanyua, kuielekeza ukutani, na mwishowe darini. Hapo ndipo chaki ilipopinduliwa, na chaki iliyopinduliwa ni kikombe.

Na kinachoingia kikombeni si unga wa ngano. Zege lina mchanga, mchanga una kwatsi, na kwatsi inaweza kukikwaruza hata chuma kigumu. Kila unapofungua chaki taya zinarudi nyuma na kuliburuta vumbi hadi kwenye hesi. Ukiwa umetia grisi nzito, umelitandikia kitanda.

Nimekuwa nikitazama michoro ya watu waliojaribu kuiponya chaki maradhi haya, na kwa macho yangu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hujenga ukuta. Bosch ya Ujerumani ilipoleta mfumo wa SDS mwaka 1975, iliziacha taya kabisa: shina la biti lina mifereji, linachomekwa tu, na vigololi vinalizuia lisichomoke huku likiachiwa nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Mdomoni huvishwa kofia ya mpira ili vumbi lisipite. Ni kazi safi. Lakini mpira huzeeka, hupasuka, na kilichopenya ndani ya ukuta hakina pa kutokea.

Kundi la pili ndilo linalonivutia. Hawa wanakubali kwamba vumbi litaingia, wanachokaa kukifikiria ni litatokea wapi. Chukua punje iliyo milimita 15 kutoka katikati, chaki inazunguka mara 3,000 kwa dakika: punje hiyo inasukumwa nje kwa nguvu ya kama mara 150 ya uzito wake. Nguvu hiyo ni ya bure, mota imekwisha kuilipia. Pete ya nje ikiwa nzima, nguvu hiyo hiyo inalishindilia vumbi ukutani mpaka liwe tofali. Ukiikata pete madirisha, mahali panapofaa, linaruka nje lenyewe.

Mahali panapofaa ndipo ufundi ulipo. Dirisha likiwa kubwa, mwili unapoteza nguvu na biti inaanza kucheza. Likitazama mbele, ni mlango wa kuingilia. Kingo za mashimo ya taya lazima ziwe kali, ili taya inaporudi ikwanguliwe kama mwiko unavyokwanguliwa kwenye ukingo wa sufuria. Mchoraji anapaswa kuliwaza vumbi kama maji: linaingia hapa, linapinda hapa, linatua wapi? Hakuna mnunuzi atakayemshukuru, kwani akifaulu hakuna kitakachotokea.

Nilikumbuka keekee, drili ile ya waunda majahazi. Kijembe kimekazwa kwenye msukano, msukano unazunguka ndani ya mshikio uitwao jivu, uta ukienda na kurudi. Haina taya, haina nati, na unga wa mbao hauna pa kujificha. Lakini ukitaka tundu la upana mwingine, huna budi kutafuta kijembe kingine kilichokwisha kukazwa. Tulipotaka kubadilisha biti kwa sekunde tano, tulijitengenezea vijumba vya vumbi.

Fundi aliziosha taya kwa mafuta ya taa, akazipangusa hadi zikakauka, akazirudisha kwa namba. Nikamwonyesha kopo langu la grisi, akalisukuma pembeni kwa kiwiko. Badala yake akavuta kifuu cha nazi chini ya meza, akakitoboa tundu katikati, akakipitisha kwenye biti, mdomo wa kifuu ukitazama juu.

Jioni nilitoboa tundu la tano, maana moja kati ya yale manne lilikuwa limekwenda upogo. Kifuu kilijaa nusu. Kisha nikaishusha drili, nikaigeuza juu ya kiganja, nikagonga. Likatoka vumbi kidogo, kama chumvi ya yai moja.